Sauti ya Gongo Katika Adhana

Kila panaposomwa khitma nyumbani kwetu Ngamiani, mjini Tanga, hakosi mtu wa kusema kwamba kijana wetu alikuwa na subira ya ajabu, na kwamba tangu alipougua hadi alipofariki hakulalamika hata siku moja. Husemwa kwa nia njema, waliokaa mkekani humwombea rehema, nami huinamisha kichwa nikaendelea kumimina chai. Sijawahi kumsahihisha mtu. Lakini mimi ndiye niliyetandika kanga chini ya kitanda chake hospitalini kwa miezi kadhaa, na ninajua kwamba alilalamika, tena sana, na kwamba imani ile tunayomsifia ilizidi kuwa yake mwenyewe tangu usiku aliopata ruhusa ya kulalamika.

Alikuwa kifungua mimba wa dada yangu, akapewa jina la marehemu baba yetu. Kwa desturi yetu jina la mzee halitajwi ovyo, hasa likibebwa na mtoto anayestahili kukaripiwa mara tatu kwa siku, kwa hiyo dada yangu na mimi tulimwita Baba, na mama yetu, yaani bibi yake, alimwita mume wangu, akimdai matumizi kila asubuhi na kumnunia asipopita kumwamkia. Hapa nami nitamwita Baba, kwa kuwa sijui kumwita vinginevyo. Alikuwa mrefu, mwembamba, winga wa timu ya mtaa, mvivu wa kufua nguo zake, na mwenye sauti. Sauti hiyo ndiyo iliyomfanya ustadhi wa madrasa amkabidhi adhana ya alasiri alipotimiza miaka 12, kisha na ya alfajiri, muadhini wetu mzee alipoanza kuishiwa pumzi. Bibi alikuwa akiisikiliza kutoka uani huku akichambua mchele, na ikimalizika husema, "Haya, mume wangu kashaita," ndipo huenda kutawadha.

Goti lilianza kumuuma akiwa kidato cha pili, na kwa kuwa alicheza mpira, hakuna aliyejisumbua kutafuta sababu nyingine. Zahanati ya kwanza tuliyompeleka ilimpa vidonge vya maumivu na kutuambia kwamba mifupa ya kijana anayerefuka huuma. Bibi akamkanda kwa mafuta ya nazi yaliyochemshwa na vitunguu saumu. Ulipotokea uvimbe juu ya goti tukamtafuta mzee anayesifika kwa kuunga mifupa, naye akamkanda kwa nguvu zaidi, Baba akiwa ameuma ncha ya shuka. Baadaye likaja kombe: sahani nyeupe ya kaure iliyoandikwa aya kwa zafarani, nikaiosha kwa marashi ya mawaridi hadi wino wote ukayeyuka, akapiga bismillahi akanywa, akanirudishia sahani uso ukiwa umekunjamana, maana marashi hayana ladha ya kutamanisha. Silidharau kombe, nimelinywa tangu utotoni na nitalinywa tena. Ninachojutia ni kwamba tulilipa kazi ya eksirei, ilhali vyote viwili vingeweza kufanyika katika wiki moja. Miezi mitano ilipita hivyo. Lilikuwapo jambo likituambia na sisi hatukulisikia: maumivu ya mpira hupungua mtu akilala, ya kwake yalizidi usiku.

Picha ya eksirei ilipigwa hospitali ya Bombo. Daktari aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, na pale mwishoni mwa mfupa wa paja, karibu na goti, ukingo wa mfupa ulikuwa umelika, na pembeni yake zimechomoza alama nyembamba zilizotawanyika. Baba, aliyekuwa amekaa nyuma yangu, alisema, "Kama jua linatoka." Daktari hakucheka. Aliandika barua ya rufaa kwenda Muhimbili siku hiyohiyo, na Baba alipotangulia nje kivulini, akaniambia kwamba anashuku saratani ya mfupa, ile inayoitwa osteosakoma, ambayo hupenda kuwapata vijana katika umri wa kurefuka na mara nyingi huanzia karibu na goti. Akanisisitiza kwamba goti hilo lisikandwe tena na mtu yeyote.

Kikao cha ukoo kilifanyika usiku huo sebuleni kwa bibi. Hakuna aliyetamka saratani; walisema ugonjwa ule, au donda ndugu, kwa sauti ya chini, kama kwamba ukitajwa utaitika. Uamuzi ulikuwa kwamba mtoto asiambiwe. Ataambiwa ana uvimbe unaohitaji dawa kali, nasi tutamhimiza asubiri na amtegemee Mwenyezi Mungu. Dada yangu alikuwa na mtoto mchanga kifuani, kwa hiyo nikachaguliwa mimi, mama mdogo asiye na mume wala mtoto wa kumwacha nyuma, nimpeleke Dar es Salaam. Nilikubali kwenda na nilikubali kuficha, na la pili lilinichosha kuliko la kwanza.

Basi liliondoka Kange asubuhi na mapema. Muheza akanunua machungwa dirishani, Segera akasinzia kidogo, na kuanzia hapo hadi Chalinze goti halikumruhusu kukaa wala kusimama.

Wodi ya watoto wenye saratani ina jambo moja ambalo kikao cha ukoo hakikulifikiria, nalo ni kwamba karibu watoto wote waliomo hawana nywele. Siku ya pili Baba aliniuliza, "Mama mdogo, hawa wote wana uvimbe?" Nikamwambia ndiyo. Akatazama kitanda kwa kitanda, kisha akajifunika shuka. Alikatwa kinyama cha kupima, tukasubiri majibu, na siku yalipotoka alinikuta nimekumbatia jalada lake kifuani kama mwizi. Hakunipokonya. Alizungumza kwa upole wa mtu aliyekwisha kujua. "Kila sala naomba dua," alisema, "wala sijui naomba niponywe nini. Mwenyezi Mungu anajua, daktari anajua, na wewe unajua. Nimebaki mimi tu."

Nilimtoa nje, tukakaa kwenye benchi la saruji karibu na kamba ambazo akina mama walianikia nguo za watoto, nikamwambia neno lenyewe. Aliuliza kama mama yake anajua. Nikasema anajua. Aliuliza kama atakufa. Nikasema sijui, na baada ya majuma mengi ya "utapona tu, inshallah", niliyoyatamka haraka ili nisiulizwe zaidi, hilo lilikuwa jibu la kwanza la kweli nililompa. Inshallah si neno la kumfungia mtu mlango, nami nilikuwa nimeligeuza komeo. Baada ya sala ya alasiri siku hiyo aliomba dua ndefu kuliko kawaida yake. Sikuisikia, niliona midomo tu, na mara mbili niliiona ikisimama kidogo, kisha ikaendelea, kama ya mtu aliyekuwa akitafuta neno akalipata.

Ndugu zangu walinilaumu kwa kuvunja ahadi ya kikao. Lawama hiyo niliipokea, na ningeivunja tena.

Tiba ilianza kwa dripu kabla ya upasuaji. Mojawapo ya dawa zile ni nyekundu kama juisi ya rozela, na hupaka mkojo rangi yake. Muuguzi alikuwa ameniambia, nami nikasahau kumwambia mwenyewe. Alirudi kutoka msalani akiwa ametoa macho, akidhani anatokwa na damu, na alichoniuliza ni kama udhu wake bado upo. Nilicheka. Yeye alikasirika, halafu naye akacheka, kisha akatapika. Ramadhani ilimkuta humo. Dawa nyingine ilimtaka anywe maji mengi ili figo zake zisalimike, na kufunga hakukuwezekana, lakini siku ya kwanza alificha kikombe nyuma ya mto akisema atakunywa magharibi. Ilibidi ustadhi ampigie simu amweleze kwamba mgonjwa amepewa ruhusa na Yeye mwenyewe aliyeiweka saumu, na kwamba kuikataa ruhusa ya mwenye nyumba si ucha Mungu, ni ukaidi. Akanywa. Alikunywa kwa hasira, na naamini hata hiyo iliandikiwa thawabu.

Madaktari walipotueleza kwamba mguu lazima ukatwe juu ya goti, ukoo ulirudi kikaoni, safari hii kwa simu. Mjomba mkubwa alisema hatutamzika mtoto vipande vipande. Mwingine akashauri turudi Tanga tujaribu mitishamba kwanza, na dada yangu, ambaye hakuwa amewahi kumwona daktari yule uso kwa uso, akalia akasema labda. Baadaye nilikuja kusoma kwamba hapo ndipo familia nyingi hukatiza matibabu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000 hupata saratani. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona, lakini katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati wanaopona hawafiki asilimia 30, na sababu zinazotajwa ni ugonjwa kuchelewa kutambuliwa, kutambuliwa vibaya, tiba kukosekana, na familia kuiacha njiani. Mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wa dunia nzima wenye lengo la kuwaponya angalau asilimia 60 ifikapo mwaka 2030. Nilipozisoma zile sababu nilihisi aliyeziandika alikuwa ameketi sebuleni kwetu, karibu na mtungi, akituangalia mmoja mmoja: zahanati, mafuta ya nazi, mzee wa mifupa, sahani ya kaure, na sasa kikao hiki cha simu.

Aliyekata shauri ni Baba. Aliniomba simu, akampigia mjomba wake. "Shikamoo mjomba. Daktari anasema mguu ukibaki, mimi sibaki. Nataka kubaki. Naomba radhi zenu." Upande wa pili pakawa kimya kirefu hadi nikadhani salio limekwisha. Kisha mjomba akasema marahaba, na baada ya hapo akasema nenda, mwanangu.

Baba yake mzazi ni fundi baiskeli, na katika mji wa baiskeli kama Tanga fundi hakosi kazi, ingawa fedha huweza kumkosa. Alifika siku moja kabla ya upasuaji akiwa amefunga duka, na baada ya upasuaji ndiye aliyekabidhiwa mguu. Aliuvisha kitambaa cheupe, yeye na jamaa wawili wakaenda kuuzika Kisutu, kwa kuwa kiungo cha Muislamu husitiriwa kama mwenyewe. Aliporudi wodini alikuwa na udongo ndani ya kucha, na kabla ya kumgusa mwanawe alikaa bombani muda mrefu akisugua mikono ambayo kwa miaka yote imezoea grisi na haijawahi kutakata kabisa. Jioni bibi alipiga simu, na akauliza swali lililokuwa kooni mwa kila mtu: siku ya kufufuliwa itakuwaje, mguu uko Dar es Salaam na mwenyewe ni mtu wa Tanga? Baba akaomba apewe simu. "Bibi," alisema kwa sauti iliyojaa usingizi wa dawa, "aliyeniumba hakosi nauli." Tulimsikia bibi akicheka hadi akakohoa. Kesho yake akaniongezea la kwangu: kwamba yeye ndiye mwanafunzi pekee wa darasa lao mwenye kaburi tayari, na bado anadaiwa ada.

Hayo ndiyo yanayosimuliwa kwenye khitma, na yote ni kweli.

Kisichosimuliwa kilitokea siku tisa baadaye. Walikuja wageni kutoka Tanga, watu wazima wanane, wameleta visheti, halua na chupa ya maji ya Zamzam, na kila mmoja alipoinama kumpa mkono alimsifu kwa subira. Mashallah, kijana ana subira. Hata mkubwa asingeweza. Subira hii ni ya mitume. Baba aliitikia kila mmoja ipasavyo, akawashukuru, akawaombea safari njema, na walipotoka aligeukia ukutani. Usiku, kidole gumba cha mguu uliokwisha kuzikwa kilianza kumuuma. Madaktari walikuwa wametueleza kwamba hutokea, kwamba mishipa ya fahamu huendelea kuulilia mguu usiokuwapo, lakini maelezo hayapunguzi kitu saa nne usiku. Nilimwona akipapasa shuka pale ambapo mguu ungelikuwa, akikitafuta kidole ili akikamue. Halafu akasema, bila kugeuka:

"Mama mdogo, nimechoka kuambiwa nina subira. Mtu akishaniambia hivyo siwezi tena kulia mbele yake. Inaniuma. Namwomba Mungu na inaniuma vilevile. Nikisema hivi nakuwa nimekufuru?"

Sina elimu ya kujibu swali kama hilo. Nilimpigia ustadhi, mtu mkali ambaye watoto wa mtaa wetu humtambua kwa mlio wa bakora yake kabla ya sura yake, nikamwomba radhi kwa saa ile, nikaweka simu kwenye mto. Baba akarudia swali lake neno kwa neno. Ustadhi hakujibu haraka. Alimkumbusha kwamba Nabii Yaakub alimlilia mwanawe Yusuf hadi macho yakaingia weupe, na ndiye yuleyule aliyeitaja subira njema. Kwamba hakusema hana huzuni, alisema huzuni yake anaishitakia kwa Mwenyezi Mungu. Na kwamba Nabii Ayub naye alisema wazi imemgusa dhara. "Kwa hiyo shitaka unalo haki nalo," alisema, "ila lipeleke panapohusika. Lia, mwanangu. Nani amekukataza?" Hapo sauti yake mwenyewe ikakwama, na tukabaki tunasikiliza pumzi zake kwenye simu. Baba alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama alivyokuwa akilia akiwa na miaka mitatu. Mama wa kitanda cha jirani aliamka, hakuuliza chochote, akakaa kitandani kwake akalia naye. Asubuhi Baba alikuwa na macho yaliyovimba na akaagiza chapati mbili, yeye ambaye kwa wiki nzima alikuwa akilishwa uji kwa kubembelezwa.

Tangu siku hiyo alilalamika kila siku, karibu kama wiridi, baada ya sala ya isha. Alilalamikia kichefuchefu, joto, chumvi ya mchuzi, vijana wenzake waliokuwa wakicheza Jumamosi ile bila yeye, na mara nyingi alimlalamikia Mwenyezi Mungu moja kwa moja, kwa Kiswahili, mikono ikiwa imeinuliwa. Akimaliza hupangusa uso akalala. Mimi niliyekuwa nimelelewa kuamini kwamba mtu wa dini hunyamaza, nilianza kuona kwamba kunyamaza kwake kwa awali kulikuwa kwa ajili yetu. Alitunyamazia sisi, ili tuendelee kuwa na kijana wa kujivunia.

Tulirudi Tanga akiwa na magongo mawili ya mbao. Mipira ya chini iliisha mapema, na baba yake akakata vipande vya tairi kuukuu, akavichonga kwa kisu, akavipachika. Ilikuwa kazi ya fundi hasa, imara, isipokuwa kwamba kwenye vigae vya msikiti ilipiga kelele. Baba alikuwa na miaka 15. Ijumaa ya pili baada ya kurudi alitaka kuadhini, na muadhini mzee akampisha. Mkono mmoja ulishika kipaza sauti, wa pili umeng'ang'ania gongo, kwa hiyo hakuweza kutia kidole sikioni kama alivyofundishwa, na alipofika mahali pa kugeukia kulia kuwaita watu kwenye sala, ilimbidi azungushe mwili mzima juu ya lile gongo. Mtaa mzima ukasikia kwiii. Akageukia kushoto kwenye wito wa kufaulu: kwiii. Watoto walicheka barabarani. Nyumbani bibi aliacha ungo, akauliza ni mlango gani unaolia msikitini, na nilipomwambia ni gongo la mume wake akasema asilitie mafuta.

Aliadhini hivyo kwa muda wa miezi saba, na kati ya siku zake zote hizo ndizo ninazopenda kuzikumbuka, ingawa sina mengi ya kuzieleza. Siku nzuri hazina mambo. Alirudi shule. Alijifunza kusujudu kwa mguu mmoja, akianguka mara nyingi juu ya mswala na kutukana kwa sauti ndogo, kisha akiomba msamaha kwa matusi hayo papo hapo. Alipendana na msichana wa kidato cha kwanza, jambo alilodhani sijui.

Kikohozi kilianza wakati wa kusi. Osteosakoma, inapohama, hupenda mapafu, na picha ya kifua ilionyesha kwamba ilikuwa imehama. Safari hii hapakuwa na kikao cha kuficha. Daktari alimwambia yeye mwenyewe, mbele ya mama yake na mimi, kwamba dawa zilizobaki haziwezi kuuondoa ugonjwa, na kwamba kazi iliyobaki ni kuhakikisha haumii. Aliuliza kazi hiyo inaitwaje. Akaambiwa tiba shufaa. Baba akatabasamu, kwa sababu madrasa humfundisha mtoto shufaa kuwa ni maombezi ya Mtume siku ya Kiyama. "Basi mimi nimepewa ya kwangu mapema," alisema. Mama yake alitoka nje. Mimi nilibaki.

Mofini ilikuja ikiwa ya maji, kwenye chupa, ya kunywa kila baada ya saa nne kwa kipimo. Shangazi mmoja aliiogopa, akasema italewesha ulimi wake na ataondoka bila ya kutamka shahada, na hofu hiyo ikaenea nyumba nzima, hata Baba akaanza kuruka dozi. Alikaa siku mbili hivyo, uso umekuwa wa rangi ya majivu, akisali kwa kuuma meno, hadi muuguzi aliyekuwa akija nyumbani akakaa naye na kumweleza kwamba kipimo chake ni cha kuondoa maumivu, kwamba usingizi wa siku za mwanzo hupungua mwili ukizoea, na kwamba mtu anayeumia kupita kiasi hawezi kukumbuka wala shahada wala jina lake. Ustadhi akaunga mkono. Tangu hapo Baba alipima mwenyewe, akiweka saa ya simu, na akapanga saa za dawa zisigongane na sala. Alisali kwa kulala ubavu, akitayamamu kwa udongo uliowekwa kwenye bakuli la plastiki, na mwishoni alisali kwa macho.

Alifariki Jumanne, saa nane mchana, akiwa na miaka 16. Naandika siku hiyo kwa makusudi, maana nimekwisha kusikia watu wakisimulia kwamba ilikuwa usiku wa kuamkia Ijumaa, na mmoja alisema katika kumi la mwisho la Ramadhani. Ilikuwa Jumanne ya kawaida, yenye joto, umeme umekatika, na maneno ya mwisho niliyoyasikia wazi kutoka kwake ni kwamba tumpepee kwa upande mwingine. Dada yangu alimtamkia shahada sikioni. Niliona midomo ikitikisika, na naamini ni hiyo aliyokuwa akiitikia, lakini sikuisikia, na sitasema niliisikia.

Waliomwosha ni baba yake, mjomba na ustadhi. Alizikwa siku ileile kabla ya magharibi, na sisi wanawake tuliliona jeneza hadi kona, basi. Bibi alijifunga kanga kiunoni, akakaa kwenye mkeka, akasema amefiwa na mume mara mbili, na safari hii hakuna eda ya kumpangia siku ya kuacha kulia. Hakuna aliyemwambia asubiri. Nadhani ustadhi alikuwa amepita kwa wanaume, nami nilikuwa nimepita kwa wanawake.

Magongo yalisimama nyuma ya mlango wa duka la baiskeli kwa karibu mwaka mzima. Mwaka huu mzee mmoja wa barabara ya pili kutoka kwetu alivunjika nyonga, na alipoanza kutembea tena baba yake Baba akampelekea gongo moja, likiwa na tairi lake lilelile. Mzee husali safu ya kwanza, karibu na kipaza sauti. Juzi, adhana ya alasiri ikiwa katikati, muadhini mpya akivuta pumzi, tulisikia kwiii. Bibi alikuwa uani na ungo magotini. Mkono wake ulisimama juu ya mchele. Alinitazama, akasubiri adhana iishe yote, kisha akaweka ungo chini akaenda kutawadha.